Timu Nyingi Si Aibu

Tangu nirudi Malindi, swali ninaloulizwa sana ni kwa nini sikudumu na timu moja ya mpira wa kikapu. Vijana huniuliza uwanjani wakifunga kamba za viatu. Wazee huniuliza tukitoka msikitini baada ya alasiri, kwa upole mwingi, kama wanaoulizia ndoa iliyovunjika. Khalati yangu wa mtaa wa Shela yeye hakuzunguka. Alikuwa akinimiminia kahawa, akasema, "Mwanangu, hao watu kila mwaka wakufukuza, kwani wewe wawafanyani?"

Nilimwambia sikufukuzwa, nikaona jibu halikumwingia. Simlaumu. Ukimhesabia mtu wa huku kwamba ulianza Mombasa, ukaenda Nairobi, ukashuka Dar es Salaam, ukapanda Kampala, ukaingia Kigali, kisha ukarudi Dar kwa timu nyingine, anachosikia ni habari za mtu aliyekosa pa kukaa. Na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya gadi wa kulipwa ambaye si nyota. Nataka niieleze ilivyo, kwa sababu sasa nafundisha vijana, wavulana kwa wasichana, na miongoni mwao wapo ambao karibuni wataondoka. Sitaki waondoke wakiamini kwamba kila klabu utakayoiacha imekukataa.

Kwa asiyeujua mchezo wa kikapu, pointi gadi ndiye anayeupandisha mpira, anayesoma wapinzani wamejipangaje, na anayeamua nani aupate mpira, wapi, wakati gani. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinampa sekunde 8 avuke nusu ya uwanja, na timu nzima ina sekunde 24 iwe imesharusha. Muda wote huo wenzake wanne wanamtazama yeye. Mrushaji akiamka vibaya anaweza kwenda pembeni akajificha, mechi ikaendelea. Gadi hana pa kujificha.

Mimi nililelewa na uwanja wa saruji wa shule, usio na paa, ringi hazina neti. Anayeijua kusi ya Malindi anajua ninachosema. Upepo ukishachachamaa, mpira wa kurushwa kutoka mbali huhama njiani. Umeulenga ringi, unaangukia kando, na mchanga umekuingia machoni. Tulikuwa na desturi ya kuitazama minazi kabla ya kuchagua upande. Makuti yakilala sana, tunajua leo hakuna wa kurusha mbali. Ndipo nilipojifunza kupenya, kuutumia ubao, na kutoa pasi ya chini ya kudundisha, maana pasi ndefu ya juu upepo unaila.

Mwalimu wangu wa kweli hakuwa mwalimu wa shule. Malindi ina Waitaliano wengi, na Kiitaliano kinasemwa hata na watoto wanaouza bangili ufukweni. Wengi wetu hatujui kwamba Italia ni nchi ya mpira wa kikapu, na kwamba klabu zake kama Olimpia Milano na Virtus Bologna zimewahi kutwaa ubingwa wa Ulaya. Mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akiishi upande wa Casuarina alizoea kuja jioni kututazama. Goti lake lilikuwa limekwisha, hawezi kukimbia. Siku moja aliingia uwanjani, akauchukua mpira, akatukataza kudunda. Mechi nzima pasi tupu, dribo marufuku. Tukinung'unika anasema "piano, piano", yaani polepole, nasi sote tunaelewa. Pasi yangu moja ikapotea. Alinishika bega, akamwonyesha kwa kidole yule niliyempa, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Huyu rafiki yako, anapenda mkono gani?"

Rafiki huyo tulikua pamoja, tumekula sahani moja, na jambo hilo halikuwahi kunipitia akilini. Swali la mzee ndilo lililonilisha miaka yote niliyocheza.

Mombasa nilianza kulipwa, kidogo, na Mombasa nikaelewa mapema jinsi hesabu ilivyokaa. Katika Kenya timu nyingi kubwa za mpira wa kikapu zimekuwa za taasisi. Bandari, yaani KPA, ina timu yake; jeshi lina Ulinzi; ziko za benki, ziko za vyuo vikuu. Mchezaji aliyeajiriwa na taasisi ana kazi yake asubuhi, mpira ni jioni, na akiumia goti mshahara bado unaingia. Huyo ahamie wapi? Sisi wengine huchukuliwa kwa msimu, pengine nusu msimu, gadi wao akivunjika kifundo au wakitaka nguvu za mchujo, zile mechi za mwisho za kutafuta bingwa. Muda ukiisha mnapeana mikono. Hakuna aliyegombana na mwenziwe.

Nairobi ilinitesa kifua. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, nami nimezaliwa pale maji yanapogonga mawe chini ya mnara wa Vasco da Gama. Wiki za kwanza, robo ya pili tu mdomo uko wazi. Jingine ni kwamba ndani ya ukumbi hakuna upepo. Mkono uliozoea kushindana na kusi ulikuwa ukitia nguvu zisizotakiwa, mpira unapita nyuma ya ringi. Kocha wa pale hakunipigia kelele. Alinisogeza hatua mbili kutoka kwenye ringi, nikawa narusha hapohapo kila asubuhi kabla wenzangu hawajafika, kisha akawa ananirudisha nyuma unyayo kwa unyayo hadi mkono ukausahau upepo. Hadi leo nikimpata mtoto mwenye mkono mzito humrekebisha hivyo.

Lakini Dar es Salaam ndiko nilikoielewa kazi ya mgeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gadi hapewi hizo mbili. Anashuka kwenye basi Ijumaa, Jumapili anaanza mechi, na watu wanne asiowajua wanamtazama. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Siku ya kwanza ya mazoezi sirushi kabisa. Namwomba kocha aniweke na wale wa akiba, natoa pasi, natazama. Mrefu wetu akiwa chini ya ringi anageukia bega gani? Mrushaji anautaka mpira akiwa amesimama, au akitoka mbio nyuma ya skrini, yaani mwenzake anayesimama kumzibia beki njia? Nani akikosa mara mbili anavunjika moyo, na nani akikosa ndiyo kwanza anachemka? Usiku nafungua daftari, kila mchezaji na ukurasa wake.

Halafu yako majina ya mipango. Skrini ileile ya juu ambayo Nairobi tuliiita "ngumi", Dar waliiita jina la mtaa, na Kampala hawakuiita chochote, walionyesha vidole viwili basi. Gadi akiropokwa jina la timu ya mwaka jana, wenzake wanabaki kutazamana na saa inakwenda. Nilikuwa nikiyarudia majina hayo kitandani kwa sauti, hata mwenzangu wa chumbani akaanza kuyaota.

Timu ile ilikuwa na mrefu mmoja, mtu mzima, mkimya, ambaye kila mtu alilalamika kwamba anaangusha mipira. Mashabiki walimzomea wazi. Mimi nilimtazama mikono. Pasi ya chini upande wa kushoto ilimponyoka karibu kila mara, ila ya juu upande wa kulia aliidaka kwa ncha za vidole, bila hata kuiangalia vizuri. Kabla ya mechi, tukiwa tumekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo tukifunga plasta, nikakiona kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto. Kilikuwa kimepinda kuelekea kile cha mwisho. Kiliwahi kuvunjika, hakikuungwa sawasawa, na hakuwa amemwambia mtu. Aliponiona natazama, akakizungushia plasta haraka.

Sikumuuliza neno. Mechi ile nilimpa mipira yote juu, bega la kulia, hata pale ambapo njia rahisi ilikuwa chini. Alifunga, akafunga tena, jukwaa likanyamaza, kisha waliokuwa wakimzomea wakaanza kuliita jina lake. Kesho yake alinipeleka Kariakoo kunywa kahawa kwa kashata. "Kaka," aliniambia, "wewe umekuja juzi. Umejuaje?" Nikamgusa kidole. Alicheka hadi akafuta machozi. Tangu siku hiyo skrini alizoniwekea mimi hakuna beki aliyezipita.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu ndicho kitu chote nilicho nacho cha kuuza. Nilikutana na magadi wepesi kuliko mimi, wanaorusha kuliko mimi, na wengi wao walikaa msimu mmoja simu zikanyamaza. Mimi simu yangu iliita, na aliyepiga karibu kila mara alikuwa kocha aliyesikia kwa kocha mwingine kwamba kuna jamaa wa Malindi, umlete katikati ya msimu, baada ya wiki mbili warefu wako wanacheza vizuri kuliko walivyokuwa. Yule mrefu wa Dar mwenyewe ndiye aliyewaambia watu wa klabu ya pili waliponirudisha mjini kwao.

Vijana wangu wanawajua nyota wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa majina, kwa viatu, kwa mishahara. Mimi huwasimulia habari za Ish Smith, na mwanzoni hakuna anayemjua. Alizaliwa Charlotte, North Carolina, mwaka 1988. Urefu wake ni karibu mita 1.83, na kwenye ligi ile huyo ni mfupi. Mwaka 2010, alipomaliza Chuo Kikuu cha Wake Forest, timu 30 zilichagua wachezaji 60 wapya na jina lake halikuitwa. Akaingia Houston kwa mlango wa nyuma. Msimu haujaisha yuko Memphis. Akaja Golden State, Orlando, Milwaukee, Phoenix, Oklahoma City, Philadelphia, New Orleans, Detroit, Washington, Charlotte. Alipovaa jezi ya Denver msimu wa 2022–23 ilikuwa timu ya 13, na katika historia yote ya NBA hakuna aliyewahi kuchezea timu nyingi hivyo. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 12.

Hapo vijana hucheka. Mmoja aliwahi kusema, "Kocha, huyo si alikuwa mzigo?" Basi nikamweleza habari ya Philadelphia. Timu hiyo ilikuwa naye mwishoni mwa msimu wa 2014–15, ikamwacha aende. Msimu uliofuata ikaanza vibaya kupita kiasi. Hadi kufikia Krismasi ya 2015 ilikuwa imeshinda mechi moja tu. Ikafanya nini? Iliwapa New Orleans haki mbili za kuchagua wachezaji wa raundi ya pili ili Ish Smith arudi. Philadelphia ilimaliza msimu na ushindi 10 kati ya mechi 82, matokeo mabaya bado, lakini 9 kati ya hizo 10 zilipatikana baada ya yeye kurudi. Sisemi alizishinda peke yake. Nasema timu haitoi mali yake kumrudisha mtu aliyekuwa mzigo. Washington nayo ilimchukua, akaenda, ikamchukua tena. Charlotte, mji aliozaliwa, vilevile. Na Detroit, iliyompa nafasi ya kutulia, alikaa misimu mitatu mfululizo.

Juni 2023 Denver iliifunga Miami mechi 4 kwa 1, ikatwaa ubingwa wa NBA kwa mara ya kwanza. Kwenye mchujo Ish Smith hakucheza sana. Dakika zake zilikuwa chache mno. Lakini mimi niliyekaa kwenye mabenchi ya watu najua gadi mzee wa namna hiyo hufanya nini siku zisizo na kamera. Ndiye anayejifanya gadi wa wapinzani mazoezini ili wenzake wajue watakutana na nini. Ndiye anayemwambia kijana sentensi moja wakati wa mapumziko, ikafanya kazi. Kwa maoni yangu pete yake ni halali kabisa.

Kwa wale wafupi zaidi namtaja pia Muggsy Bogues, wa chuo kilekile cha Wake Forest, mita 1.60, mfupi kuliko wote waliowahi kucheza NBA. Watoto husimama wakijipima ukutani.

Wala si mambo ya Marekani peke yake. Februari 2021, huko Yaoundé, Kenya ilikuwa nyuma ya Angola kwa pointi moja sekunde za mwisho, na Angola wakati huo ilikuwa imeshakuwa bingwa wa Afrika mara 11. Mpira ukamfikia Tylor Ongwae, mtu aliyekuwa akicheza klabu Denmark, mbali na nyumbani, katika ligi ambayo hakuna jirani yetu anayeifuata. Akarusha, kengele ikalia, mpira ukaingia: 74 kwa 73. Ushindi huo ulitusogeza AfroBasket, mashindano ya timu za taifa za Afrika, ambako Kenya haikuwa imeonekana tangu 1993. Nilikuwa naitazama kwenye simu, chumbani, na nilipiga kelele hadi mama mwenye nyumba akaja mlangoni. Wasichana wangu wao hupenda zaidi kusikia kwamba kocha wa kikosi kile cha wanaume alikuwa mwanamke, Liz Mills wa Australia.

Kigali ndipo nilipopapenda kuliko kote nje ya kwetu. Nilipanga Nyamirambo, mtaa wa Waislamu wengi, ambako Kiswahili kinasemwa barabarani na adhana unaisikia ukiwa kitandani. Kule nilifunga Ramadhani nikiwa katikati ya msimu. Timu ilikuwa na Mwislamu mmoja tu, mimi. Nilikwenda kwa kocha mapema, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, nikamweleza saa za daku na saa za kufuturu, nikamwambia niko tayari kufanya mazoezi mepesi mchana na kurusha peke yangu baada ya tarawehe. Nilimwambia nini kitabadilika na nini hakitabadilika. Alinisikiliza, akapanga.

Siku moja mechi ilianza jioni, na magharibi ikaingia tuko robo ya tatu. Mimi nilikuwa nimesahau saa, nakimbia tu. Kocha akaomba mapumziko. Nilidhani amekasirishwa na ulinzi wetu. Nikafika kwenye benchi nikamkuta kijana wa akiba, Mkristo, mtoto wa kanisani hasa, ameshika chupa ya maji mkono mmoja na tende tatu kwenye karatasi ya tishu mkono wa pili. Alikuwa ameliangalia jua mwenyewe, akamwambia kocha. Nilifuturu nimesimama, jasho linadondoka kwenye tende, wenzangu wamenizunguka wakinikinga na mwanga wa taa. Mapumziko yenyewe ni ya dakika moja. Nikarudi uwanjani.

Watu hunihurumia kwa upweke wa ugenini. Upweke ulikuwapo, lakini mtu akikufanyia hivyo huwezi kusema ulikuwa peke yako. Na Kigali wakati ule ilikuwa inachangamka. Ukumbi wao mkubwa ulifunguliwa 2019, na 2021 ndipo ligi ya klabu za Afrika, BAL, ilipochezwa kwa mara ya kwanza na Zamalek ya Misri ikawa bingwa. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kuingia ligi hiyo. Milango iliyopo sasa sisi hatukuwa nayo.

Kuna gharama ambayo hailipwi na klabu yoyote. Ami yangu aliyenilea, aliyeninunulia viatu vya kwanza kwa pesa za samaki, alifariki nikiwa Kampala. Simu iliingia alfajiri. Kwetu maiti haicheleweshwi. Alizikwa baada ya adhuhuri, na wakati huo mimi nilikuwa bado kwenye basi, sijafika hata Busia. Nilifika Malindi siku ya hitima. Hakuna aliyenilaumu, na hilo nalo lilikuwa zito. Kijana anayeniuliza kuhusu maisha ya safari namwambia habari hii kabla sijamwambia habari ya pesa, ili achague akijua.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi na kwa ukali. Klabu moja ilibaki na mishahara yangu, na sijaiona hadi leo. Walikuwa watu wazuri wa kuongea, wakarimu, wa kukualika chakula, na kila mwisho wa mwezi kulikuwa na mdhamini anayekaribia kulipa. Mkataba wangu ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, haukusema mgogoro ukitokea uende wapi. Baadaye ndipo nilipopata kuelewa kwamba FIBA ina baraza la usuluhishi lililoanzishwa 2007, makao yake Geneva, linaitwa BAT, na linasikiliza kesi za wachezaji na klabu. Sharti mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachosema kesi ipelekwe huko. Kifungu hicho ni sentensi chache tu. Kisipokuwepo, utazunguka ofisi za watu hadi nauli ikuishie.

Tena ukitoka nchi moja kwenda nyingine, lazima chama cha mpira wa kikapu cha nchi unayotoka kitoe barua ya kibali kwamba hufungwi na klabu yoyote kule. Bila barua hiyo huchezi, hata uwe hodari namna gani. Nimeona vijana wakikaa jukwaani wiki nyingi wakisubiri karatasi ambayo ingeombwa mapema. Nenda mwenyewe ukaifuatilie, usimwachie wakala.

Mwezi uliopita klabu moja ya Nairobi ilimwita binti mmoja wa kikosi changu akafanyiwe majaribio. Gadi, kama mimi, na ana macho kuliko nilivyokuwa nayo umri wake. Anaiona pasi kabla mwenyewe wa kupokea hajajua kwamba yuko huru. Amemaliza kidato cha nne. Nilikwenda kwao Barani kuzungumza na wazazi. Mama alitandika mkeka, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza lile lile la khalati kwa njia nyingine: "Na wakimchoka, mwalimu?"

Nikamwambia, mama, huenda msimu ukiisha wakapeana mikono, na hapo ndipo inatakiwa awe na timu mbili nyingine zinazomjua. Sikumwahidi kwamba atakaa. Nilimwambia ya kuuliza kabla binti hajapanda basi: atalala wapi na pamoja na nani, akiumia hospitali analipa nani, na kwa muda gani, chuo wanachosema watamlipia ni kipi, na ahadi hiyo iko kwenye mkataba au iko mdomoni, mshahara unaingia tarehe ngapi, mkataba ukivunjwa katikati, nani anamdai mwenziwe. Mama alinisimamisha. "Ngoja, mwalimu. Hayo niandikie kwenye karatasi, babake akirudi kutoka baharini tuyasome pamoja."

Nikaandika, upande wa mbele na wa nyuma. Baba alirudi, wakasoma, akanipigia simu na maswali mawili ambayo sikuwa nimeyafikiria, yote kuhusu wiki za mitihani. Klabu imejibu kwa maandishi yote isipokuwa la hospitali, na mama ameshika hapohapo. Likijibiwa, binti atakwenda baada ya Idi. Lisipojibiwa, kuna timu ya Mombasa iliyouliza habari zake, na kule ana shangazi.